Uzi maalumu: Mnaotaka kuanzisha mafunzo ya ultrasaundi kando ya kitanda, msianze na mashine

Mleta mada

Wakuu, salaam. Swali ninaloulizwa sana faragha ni hili: "Tumepata mfadhili, tununue mashine gani ya ultrasaundi?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niliweke hapa. Wenye uzoefu waongeze, wenye kupinga wapinge.

Mimi humrudishia muulizaji swali lake. Usiku wa manane, mgonjwa yuko mbele yako, ni uamuzi gani unakushinda kwa sababu huoni ndani ya mwili wake? Kama hujui, mashine yoyote utakayonunua itaishia kabatini. Nimeyaona makabati hayo: mashine imefunikwa shuka jeupe, probu (kile kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya mwili) bado ina nailoni ya kiwandani.

Chumba cha picha kina kazi yake. Kule mtaalamu anakagua kiungo kizima, anapima, anaandika ripoti. Kando ya kitanda, yule yule anayemtibu mgonjwa ndiye anayeshika probu, anauliza swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, kisha anachukua hatua hapo hapo. Kwa hiyo tabibu, mkunga au muuguzi anaweza kuifanya kazi hii bila kusomea radiolojia nzima. Anachojifunza ni maswali machache, lakini anajifunza kuyajibu vizuri.

Kwa hospitali nyingi ndogo ningeanza na maswali manne.

La kwanza ni majeruhi. Je, kuna damu tumboni au kwenye mfuko wa moyo? Huu ndio uchunguzi unaoitwa FAST. Unaangalia kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, nyuma na pembeni ya kibofu cha mkojo, halafu moyo kwa kupitia chini ya kidari. Damu mbichi inaonekana nyeusi. Ikishaanza kuganda inakuwa ya kijivu na inawapita wengi. Mfundisheni mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba FAST isiyoonyesha kitu haimaanishi majeruhi yuko salama. Damu ikiwa kidogo haionekani, utumbo uliotoboka hauonekani, na damu iliyojificha nyuma ya tumbo karibu na mgongo haionekani. Hali ikibadilika unarudia.

La pili ni mwanamke mwenye mimba changa anayeumwa tumbo au aliyezimia. Je, mimba imo ndani ya mji wa mimba? Ukikuta kipimo cha mkojo kinaonyesha mimba, mji wa mimba ni mtupu na kuna majimaji tumboni, huna sababu ya kungoja mtu wa picha aje asubuhi. Unaita thieta na kutafuta damu ya kuongeza. Mtego upo hapa: kifuko cheusi ndani ya mji wa mimba peke yake hakitoshi kusema mimba iko mahali pake, kwa sababu hata mimba iliyotunga nje inaweza kuleta kifuko cha uongo. Mpaka uone kifuko cha kiini ndani yake, au kijusi chenyewe, ndipo useme "imo".

La tatu ni mgonjwa anayehema. Je, ni maji nje ya pafu, ni hewa nje ya pafu, au pafu lenyewe limelowa? Mapafu yanafundishika haraka kuliko watu wanavyodhani. Pafu lenye afya huteleza kila mtu anapovuta pumzi, na mtelezo huo unauona kwa macho. Mistari mitatu au zaidi inayoshuka wima kutoka kwenye utando wa pafu katika eneo moja inakuambia kuna unyevu mle. Mtelezo ukikosekana usikimbilie sindano ya kutoa hewa kifuani. Pafu lililoshikana na ukuta wa kifua halitelezi, na upande ambao haupati hewa kabisa hautelezi. Ukiipata ile sehemu ambapo mtelezo unaonekana na kupotea kwa kila pumzi, hapo ndipo unakuwa na uhakika wa hewa.

La nne ni mjamzito aliyefika leba: mtoto ametanguliza nini, wako wangapi, moyo unapiga, kondo la nyuma limekaa wapi?

Mengine yasubiri. Moyo, mishipa ya miguu, nyongo na figo ni mazuri yote, lakini kozi inayofundisha kila kitu kwa mkupuo inatoa watu wenye vyeti na mikono mizito.

Mleta mada

Naendelea, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Mtindo wa kawaida: wageni wanakuja, wanafundisha kwa siku chache, picha ya pamoja inapigwa, vyeti vinagawiwa, wanaondoka. Baada ya hapo hakuna anayeziangalia picha za wanafunzi. Aliyezoea kushika probu kwa pembe mbaya anaendelea nayo miaka na hakuna wa kumwambia.

Chama cha madaktari wa dharura cha Marekani, ACEP, kinaweka kipimo cha picha 25 hadi 50 zilizokaguliwa kwa kila aina ya uchunguzi kabla ya kumhesabu mtu kuwa anaweza. Neno la kushikilia hapo ni "zilizokaguliwa". Mtu anaweza kupiga picha 200 ambazo hazijaonwa na mwingine akabaki pale pale alipoanzia.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza mashine, mtafute mkaguzi. Anaweza kuwa mtaalamu wa picha wa hospitali ya rufaa, au daktari aliye nchi nyingine mwenye intaneti na nia njema. Mkubaliane kwamba kila wiki, siku fulani, anapitia video fupi mlizohifadhi na kuwajibu. Msimtumie picha moja iliyogandishwa, mtumieni video ya sekunde chache, kwa sababu makosa mengi ya kushika probu yanaonekana pale picha inapotembea. Jina la mgonjwa lifutwe kabla ya kutuma. Makundi ya simu yanasaidia sana katika hili, na pia ndiyo yanayovujisha siri za watu. Wekeni utaratibu mapema.

Tena fundisheni watu kadhaa wa vyeo mbalimbali, hasa wale wasiohamishwa hovyo. Mkimfundisha daktari mmoja kijana, mwaka ujao amekwenda kusomea ubingwa na ujuzi umeondoka naye.

MtuWaPicha

Mleta mada, nimesoma yote nikiwa nimetulia, ila sisi wa chumba cha picha tunaona upande wa pili wa hadithi. Analetwa mgonjwa kwa rufaa, karatasi imeandikwa "ultrasaundi: kawaida". Nani kasema kawaida? Kaangalia nini? Ukimpigia simu anakwambia aliangalia kama kuna damu tu. Lakini mgonjwa ameshaambiwa tumbo lake ni zima, amekaa nyumbani na uvimbe kwenye figo mpaka umekua.

Na vitu vya kuchanganya ni vingi. Mafuta yaliyo mbele ya moyo yanaonekana kama maji. Tumbo la chakula lililojaa linaonekana kama damu upande wa wengu. Uvimbe wa maji kwenye ovari mtu anauita kibofu. Sisi tulisoma miaka, nyinyi mnataka siku chache.

Mleta mada

Mkuu, uko sahihi kwa sehemu kubwa na wala sitaki kukubishia ili nishinde. Neno "kawaida" lipigwe marufuku kwenye uchunguzi wa kando ya kitanda. Fomu iwe na swali lililoulizwa, na majibu matatu tu: ndiyo, hapana, sijaona vizuri. Mwanafunzi anayeandika "sijaona vizuri" pale ambapo kweli hakuona asifokewe, maana huyo ndiye wa kumwamini zaidi. Chini ya fomu pachapishwe kabisa kwamba uchunguzi huu haukukagua viungo vingine. Na mgonjwa aambiwe hivyo kwa mdomo, asibaki na karatasi asiyoweza kuisoma.

Kingine, ninyi watu wa picha mkiachwa nje ya mpango huu tangu mwanzo, mpango unakufa. Kila mahali nilipoona umesimama, mtu wa picha alikuwa mmoja wa walimu, na wenye swali gumu walijua pa kulipeleka.

MtuWaPicha

Hapo tumeelewana. Mkiniita mapema nakuja. Ila mkiniita kusafisha uchafu baadaye nitanung'unika, nawaambia kabisa.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Wapendwa, mimi swali langu ni la kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilisema kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Sisi akina mama wengi wanakuja wakiwa wameshafika miezi sita au saba. Ina maana gani kuwapima hapo? Na je, wakunga tukifundishwa, vifo vitapungua?

Mleta mada

Dada mkunga, asante, nianze na la umri wa mimba. Kadiri unavyochelewa ndivyo jibu linavyolegea. Miezi mitatu ya kwanza unapima urefu wa kijusi kutoka kichwani hadi makalioni, na makosa yake ni siku tano hadi saba hivi. Ukipima baada ya wiki ya 28, unaweza kupotea kwa wiki tatu nzima huku au kule. Sasa mama akija na wiki 34 za ultrasaundi iliyopigwa jana, na kadi yake ya mwanzo inasema 37, usiibadilishe tarehe kirahisi. Huenda mtoto hakui vizuri na wewe umemfutia ushahidi. Kupima mwishoni bado kuna faida kwa mengine: mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio, kondo lililoziba njia. Kondo linaloonekana chini kwenye wiki ya 20 mara nyingi hupanda lenyewe mji wa mimba unapokua, kwa hiyo usimtishe mama, mrudishe apimwe tena karibu na wiki ya 32.

La vifo sitakupaka mafuta. Kuna utafiti mkubwa ulioitwa First Look, uliofanyika Kongo ya Kidemokrasia, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala, matokeo yake yakachapishwa 2018. Wahudumu wa ngazi ya kati walifundishwa, mashine zikapelekwa, wajawazito wakapimwa. Wahudumu walijifunza vizuri. Lakini vifo vya akina mama na watoto havikupungua ukilinganisha na maeneo yasiyopewa mashine, na wala akina mama hawakuongezeka kujifungulia hospitali.

Ninavyoyasoma mimi matokeo hayo, kuona kondo limeziba njia hakumsaidii mama kama hospitali ya upasuaji iko mbali, gari halina mafuta na damu haipo. Mashine inakuonyesha tatizo mapema, lakini njia ya kulitatua lazima iwepo tayari. Ndiyo maana nikasema uulize kwanza uamuzi unaokushinda ni upi. Kama uamuzi huo hata ukiujua huna la kufanya, peleka fedha kwenye gari la wagonjwa.

Mpinzani Halali

Basi kumbe hazina maana! Umejipinga mwenyewe, mkuu. Kwanza unatupa maswali manne, halafu unatuambia utafiti umeonyesha hakuna kitu.

Mleta mada

Hapana mkuu, soma taratibu. Kumpima kila mjamzito mzima kwenye kliniki ni jambo moja, kumpima mgonjwa aliyezidiwa mbele yako ni jingine. Rwanda vijijini, hospitali mbili za wilaya zilifundisha madaktari wa pale pale, na taarifa iliyochapishwa 2009 ilihesabu wagonjwa 345 wa mwanzo. Kwa asilimia 43 kati yao mpango wa matibabu ulibadilika kwa sababu ya ultrasaundi: mwingine alipelekwa upasuaji, mwingine dawa ilibadilishwa, mwingine akapewa rufaa. Sikatai kwamba kubadilika kwa matibabu si sawa na kupona, na hesabu hiyo haikuwa na kundi la kulinganisha. Lakini inakuonyesha pa kuweka nguvu.

Tabibu Mstaafu

Vijana, naongeza moja. Mahali penye kifua kikuu na VVU kwa wingi, msiisahau FASH, uchunguzi wa ultrasaundi wa kutafuta dalili za kifua kikuu kwa wenye VVU. Mgonjwa amedhoofu, kinga yake imeshuka, makohozi hayatoki au hayaonyeshi kitu. Ukiweka probu unatafuta maji kwenye mfuko wa moyo, maji kifuani, maji tumboni, tezi za tumboni zilizovimba kupita sentimita moja na nusu, na vidoa vidogo vyeusi kwenye wengu. Haithibitishi peke yake, ila kwa mgonjwa wa namna hiyo inakupa sababu ya kuanza dawa leo badala ya kumwangalia akiisha. Nchi zilizo na mzigo mkubwa wa magonjwa haya ningeifanya swali la tano bila kusita. Mleta mada umeiacha kwa sababu gani?

Mleta mada

Shikamoo mzee. Niliiacha kwa sababu si kila mahali ina uzito ule ule. Ila nakubali, penye VVU na kifua kikuu iingie, na swali la mimba au majeruhi ndilo lisubiri kama wagonjwa wa aina hiyo ni wachache. Maswali manne yangu si msahafu.

Tabibu Mstaafu

Marahaba. Hapo sawa.

Fundi Vifaa Tiba

Mnaongea ya kitabibu, nani atailinda mashine? Nisikilizeni na mimi.

Probu ndiyo roho ya mashine. Ndani ya probu ya kawaida kuna fuwele nyembamba zimepangwa safu. Ikianguka sakafuni mara moja tu, baadhi zinaweza kufa, na utaona mstari mweusi wa wima usiohama kwenye kioo kila unapopima. Mtu asiyejua atadhani ni kivuli cha mbavu. Namna ya kujua: futa jeli, washa mashine, pitisha ncha ya klipu ya karatasi taratibu juu ya uso wa probu. Pale inapopita bila kuonekana, fuwele zimekufa. Fanyeni hivyo kila mwezi na muandike.

Waya wa probu usikanyagwe na gurudumu la kitanda, usizungushwe kwa kubana. Umeme unaoruka ndio muuaji wa pili: stebilaiza na betri ya akiba viwemo kwenye bajeti ile ile ya mashine, si "tutanunua baadaye".

Usafi: futa jeli kwanza, ndipo utumie dawa. Dawa haiui chochote juu ya jeli iliyokauka. Spiriti isitumike kabla ya kusoma kitabu cha mtengenezaji, probu nyingi ngozi yake inapasuka kwa spiriti. Probu ya ukeni ni habari nyingine kabisa. Hiyo inahitaji usafishaji wa kiwango cha juu na kifuniko kipya kwa kila mgonjwa. Kama hamwezi hayo, msiinunue.

Jeli ikiisha, wanga wa mahindi uliopikwa kwa maji, kipimo kimoja cha wanga kwa kumi vya maji, unatoa picha nzuri tu. Lakini unachacha, kwa hiyo upikwe wa siku hiyo. Usiwekwe kwenye kidonda wala usitumike unapoongoza sindano. Na chupa za jeli zinazojazwa tena na tena bila kuoshwa zimeshawahi kuleta maambukizi ya bakteria hospitalini, msizidharau.

Mpinzani Halali

Si siku hizi kuna zile za kuchomeka kwenye simu? Matatizo ya umeme yote kwisha.

Fundi Vifaa Tiba

Yanapungua, hayaishi. Butterfly iQ ilipata kibali Marekani mwaka 2017, inatumia chipu badala ya fuwele, na probu moja inafanya kazi ya tatu. Nzuri sana kuanzia. Lakini ulizeni mambo haya kabla ya kulipa: ada ya programu ya kila mwaka atalipa nani? Bila intaneti inafanya kazi muda gani kabla ya kudai uingie tena? Simu yenyewe ni ya nani, na akihama nayo? Betri ya simu ikiisha katikati ya zamu? Halafu kitu kidogo kama hicho huingia mfukoni na kutoka getini. Mashine kubwa angalau haibebeki kimya kimya.

Intani

Wakuu, mimi ndiye mwanafunzi. Hapa kwetu wagonjwa wa kujifunzia wapo, ila sioni sawa kumjaribia mtu mahututi. Tunaanzaje?

Mleta mada

Anzeni ninyi kwa ninyi. Mwili wa mwenzako mwenye afya unatosha kukufundisha ini, figo, kibofu, mapafu yanayoteleza na moyo, na mpaka uzijue picha za mwili wenye afya kwa moyo, usitafute ugonjwa. Kila mtu akubali kwa hiari na mkubaliane mapema mtafanya nini kikionekana kitu kisichotarajiwa kwa mwenzenu, maana hutokea. Msipimane mimba kwa mazoezi.

Saa za kwanza zitumike kwa vitufe viwili tu: kina na mwangaza. Wanaoanza karibu wote huweka kina kidogo mno au mwangaza mkali mno, kisha wanalaumu mashine. Halafu mwendo wa mkono: kutelezesha, kuinamisha, kuzungusha, kila mmoja peke yake. Mwalimu mzuri huweka mikono yake nyuma. Akikunyang'anya probu kila ukikwama, umejifunza kutazama tu.

Kwa mazoezi ya kuongoza sindano, chemsha jelatini isiyo na ladha, changanya maganda ya isabgoli (mbegu zinazotumika kulainisha choo) yaliyosagwa ili picha iwe na kijivu kama cha nyama, pitisha mrija wenye maji katikati kama mshipa. Ikiganda, mnachoma mpaka mchoke.

Kwa wagonjwa wa kweli, anzeni na ambao jibu linajulikana: mwenye maji tumboni anayesubiri kutolewa, mwenye maji kifuani ambaye eksirei yake iko mezani. Omba ruhusa, mwambie unajifunza.

Mkunga wa Zamu ya Usiku

Nina la pembeni. Akina mama wakishajua kuna mashine leba, wote watauliza jinsia. Tunafanyaje?

Mleta mada

Amueni kabla ya siku ya kwanza na mfuate sheria ya nchi yenu. India, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1994 inayokataza kabisa kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni, na kila mashine lazima isajiliwe, hata ile ya mfukoni. Hata pasipo sheria hiyo, msiifanye sehemu ya mafunzo. Foleni ya jinsia itawala muda wa mama anayetoka damu. Na katika mimba changa msiguse Dopla (sehemu ya mashine inayofuatilia mwendo wa damu) kusikiliza moyo wa mtoto kwa sababu nguvu yake ni kubwa. Kuna njia ya kupima mapigo kwa mstari wa mwendo, inatosha.

Intani

Swali la mwisho mkuu: hapa mashine ipo, imefungiwa ofisini, ufunguo anao mkuu wa idara, na usiku hayupo.

Mleta mada

Basi hilo ndilo somo lenu la kwanza kulitatua. Ufunguo ukae na muuguzi kiongozi wa zamu, pamoja na daftari la kukabidhiana: saa ya kutoka, aliyechukua, hali ya probu, saa ya kurudi. Mwiteni fundi vifaa awepo siku ya kulizindua. Mpeleke mkuu wa idara pendekezo lililoandikwa, ukurasa mmoja, likiwa na jina la anayewajibika kila zamu. Akikataa, muulizeni kwa heshima anaogopa nini hasa. Mara nyingi ni wizi au kuvunjika kwa probu, na daftari linajibu yote mawili.